Mbio za magari zilizosisimua kuliko zote: kwa nini naichagua Le Mans ya 1969

Msomaji mmoja ameniandikia akieleza kwamba alianza kufuatilia Formula 1 mwaka 2021, na kwamba kila anaposoma orodha za mbio za magari zilizosisimua kuliko zote katika historia hukuta orodha hizo hazipatani hata kidogo. Anauliza mambo matatu: ni mbio zipi hasa zinazostahili nafasi ya kwanza, je, kipimo kiwe tofauti ya muda kwenye mstari wa kumalizia au idadi ya mara ambazo magari yalipitana, na je, wazee wanaozisifu mbio za zamani wanasema kweli au wanausifu ujana wao tu.

Nitoe jibu kwanza ili asiyetaka maelezo asichoshwe: nafasi ya kwanza naipa Le Mans, mbio za saa 24 za nchini Ufaransa, ya mwaka 1969. Najua uchaguzi huo utapingwa, hasa na wapenzi wa Formula 1, ambao kwa baadhi yao jambo lililotokea nje ya Formula 1 ni kama halikutokea. Kipimo ninachotumia ni kimoja. Mbio husisimua kwa kadiri ya muda ambao mshindi hajulikani, huku mtazamaji akielewa ni kwa nini hajulikani, na wanaoshindana wakiwa na kitu kizito cha kupoteza. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa na wengi. Mshindi wa bahati nasibu naye hajulikani mpaka mwisho, lakini hakuna mtu anayeitazama bahati nasibu kwa saa mbili huku akiuma kucha.

Nianze na tofauti ya muda, kwa kuwa ndicho kipimo kinachopendwa zaidi. Kama sekunde zingetosha, tungekuwa tumemaliza mjadala, maana mnamo Mei 2024 katika mbio za NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, huko Kansas, Kyle Larson alimshinda Chris Buescher kwa sekunde 0.001, tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya ligi kuu ya mchezo huo. Zilikuwa mbio nzuri, na magari yale mawili yaligusana yakielekea mstarini. Hata hivyo, tofauti ya sekunde 0.001 haionekani kwa jicho la binadamu; unaambiwa na picha ya mstarini, kisha ndipo unapopiga kelele. Msisimko wa aina hiyo huja baada ya tukio.

Mbio zilizokuwa na tofauti ndogo na pia msisimko wa muda mrefu ni zile za Italia za mwaka 1971, zilizofanyika Monza. Wakati huo uwanja wa Monza ulikuwa karibu wote ni njia nyoofu zilizounganishwa na kona chache za kasi, na hapo ndipo penye siri yote. Gari linapokwenda kasi sana hupasua hewa, na lile linalolifuata kwa karibu hukuta upinzani mdogo wa hewa, hivyo huweza kuongeza mwendo na kuchomoka ubavuni kabla ya kona. Pale Monza jambo hilo lilimaanisha kwamba kuongoza hakukuwa faida: anayeongoza ndiye anayewapasulia wenzake hewa. Madereva wanane waliongoza kwa zamu katika mizunguko 55, na kila mmoja alijua kwamba swali si nani yuko mbele sasa, bali nani atakuwa mahali panapofaa wakati wa kutoka katika kona ya mwisho, Parabolica, ambayo huwatema madereva moja kwa moja kwenye njia ya kumalizia.

Katika mzunguko wa mwisho Peter Gethin, aliyekuwa akiendesha gari la BRM na ambaye hakuwahi kushinda mbio za Formula 1, aliingia Parabolica akiwa amechelewesha breki kuliko wote, akajipenyeza upande wa ndani wakati Ronnie Peterson na François Cevert wakipepesuka kidogo kwenda nje. Kisha akaikamua injini kupita kiwango alichoagizwa na mafundi, akainua mkono juu alipofika mstarini kana kwamba ushindi hauna shaka. Baadaye alieleza kwamba aliinua mkono kwa makusudi, akitumaini kuwa waamuzi wakishindwa kutofautisha watampa yeye. Alishinda kwa sekunde 0.01, na magari matano ya kwanza yote yalipita ndani ya sekunde 0.61. Mwendo wa wastani ulikuwa kilomita 242.6 kwa saa, rekodi iliyodumu mpaka mwaka 2003. Gethin hakushinda tena mbio za ubingwa wa dunia, na mwaka uliofuata waandaaji wakaongeza vikona vya kupunguza mwendo, kwa hiyo mbio za namna ile hazikuwezekana tena pale. Mimi naziweka katika nafasi ya pili. Zinakosa jambo moja tu: hakuna hata mmoja katika lile kundi la mbele aliyekuwa na kitu kikubwa cha kupoteza siku hiyo, kwa kuwa Jackie Stewart alikwisha kujihakikishia ubingwa wa mwaka huo.

Kuhusu idadi ya mara za kupitana, nadhani hicho ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote, na ushahidi wangu ni mbio za Hispania za mwaka 1981 huko Jarama. Gilles Villeneuve alikuwa na Ferrari iliyokuwa na injini ya turbo yenye nguvu nyingi na mwili usiotaka kupinda kona. Aliongoza kuanzia mzunguko wa 14, baada ya Alan Jones kuteleza nje ya njia, na kufikia sehemu ya mwisho ya mbio alikuwa akifuatwa na magari manne yaliyomzidi kwa wepesi katika kila kona: Jacques Laffite, John Watson, Carlos Reutemann na Elio de Angelis. Kila walipomkaribia konani, yeye aliwahi kushika mstari wa ndani bila kumziba mtu kinyume cha sheria, kisha injini yake ikamvuta mbele kwenye njia nyoofu, na zoezi hilo likarudiwa mzunguko baada ya mzunguko bila yeye kukosea hata mara moja. Matano yale yalimaliza ndani ya sekunde 1.24. Kwa kuhesabu kupitana kwa ajili ya uongozi katika nusu nzima ya mwisho, utapata sifuri. Hata hivyo mtu anayezitazama leo, akijua kabisa matokeo, bado hujikuta akisogea ukingoni mwa kiti, kwa sababu anaelewa kila hesabu iliyokuwa ikifanyika: wanachohitaji wale wanne ni kosa moja, na kosa hilo haliji.

Villeneuve huyohuyo ndiye aliyepigana na René Arnoux huko Dijon mwaka 1979, magurudumu yakigongana, kwa ajili ya nafasi ya pili. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Jean-Pierre Jabouille, aliyeipa Renault ushindi wa kwanza wa injini ya turbo katika Formula 1, jambo kubwa mno kihistoria, na bado watu wengi wanaosimulia mbio hizo humsahau. Ninazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba msisimko na umuhimu ni vitu viwili tofauti. Lakini pambano lile lilidumu mizunguko michache tu. Mbio zenyewe hazikuwa na fumbo.

Sasa nifike kwenye zile ambazo wataalamu wengi wangezipa taji. Mnamo tarehe 4 Agosti 1957, katika uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, Juan Manuel Fangio, mwenye umri wa miaka 46, alianza mbio akiwa na tangi lenye nusu ya mafuta. Mpango wake ulikuwa kuanza na gari jepesi la Maserati, ajenge pengo, kisha asimame mara moja kujaza mafuta na kubadilisha matairi, wakati Mike Hawthorn na Peter Collins wa Ferrari walikuwa wamepanga kumaliza bila kusimama. Pengo alilijenga, kama sekunde 30 hivi. Lakini kusimama kulichukua karibu dakika nzima, nati ya gurudumu ikiviringika chini ya gari na fundi akiitafuta, na Fangio akarudi njiani akiwa nyuma ya Ferrari zote mbili kwa sekunde zipatazo 45 au zaidi.

Kilichofuata kinahitaji kueleweka pamoja na ukubwa wa uwanja wenyewe. Mzunguko mmoja ulikuwa kilomita 22.8 kupitia msituni, wenye kona zaidi ya mia moja na hamsini, na mawasiliano pekee kati ya timu na dereva yalikuwa ubao ulioonyeshwa mara moja kila baada ya zaidi ya dakika tisa. Katika mizunguko ya kwanza baada ya kusimama, Fangio hakupunguza pengo, hivyo mafundi wa Ferrari wakawaonyesha madereva wao kwamba hali ni shwari. Kisha akaanza kushambulia. Timu ilipogundua, taarifa ilikuwa imekwisha kuchakaa kwa kilomita 22, na Hawthorn na Collins waliposoma ubao mpya, Fangio alikuwa amekwisha kula sekunde nyingine nyingi. Alivunja rekodi ya mzunguko mara kwa mara, mpaka akafika dakika 9 na sekunde 17.4, zaidi ya sekunde nane chini ya muda wake mwenyewe uliompa nafasi ya kwanza ya kuanzia. Aliwapita wote wawili katika mzunguko wa 21, mmoja kabla ya wa mwisho, akashinda kwa sekunde 3.6 na kutwaa ubingwa wake wa tano. Huo ulikuwa ushindi wake wa 24 na wa mwisho.

Kwa nini basi siziweki mbio hizo juu kabisa? Kwa sababu huo ulikuwa uendeshaji bora kuliko wote, na uendeshaji bora si lazima uwe mbio bora. Kwa muda mwingi Fangio alikuwa peke yake akishindana na saa, na waliokuwa mbele yake hawakujua kwamba wamo katika mapambano. Watazamaji wa siku ile waliona gari likipita mara moja, kisha wakangoja dakika tisa. Ukizisoma ni simulizi isiyo na kifani; kuzitazama kulihitaji subira.

Kuna kundi jingine ambalo huchanganywa na mbio zenye msisimko, nalo ni lile la mbio zenye dakika ya mwisho isiyosahaulika. Interlagos 2008, yaani mbio za Brazili za mwaka huo, ndiyo mfano mkuu. Felipe Massa alishinda mbele ya watu wake wa Brazili na akawa bingwa wa dunia kwa kama sekunde 38, mpaka pale Lewis Hamilton, aliyehitaji nafasi ya tano, alipompita Timo Glock katika kona ya mwisho kabisa ya msimu mzima. Mvua ilikuwa imeanza tena, Glock alikuwa amebaki na matairi ya njia kavu, na gari lake lilikuwa likiteleza hovyo. Hamilton akapata ubingwa kwa pointi 98 dhidi ya 97. Sioni dakika iliyoizidi hiyo katika mchezo huu, nami simlaumu yeyote anayeitetea. Lakini mizunguko sitini na kitu iliyotangulia ilikuwa ya kawaida, na mtu akikuonyesha mbio nzima bila kukuambia hesabu ya pointi, utajiuliza zinasifiwa nini.

Estoril 2006, katika pikipiki za MotoGP, ni kisa kinachofanana na hicho, ila uzito wake ulikuja kueleweka baadaye. Toni Elías alimpita Valentino Rossi mstarini kwa sekunde 0.002, ushindi pekee wa Elías katika daraja hilo. Nafasi ya kwanza ilikuwa na pointi 25 na ya pili pointi 20, na wiki mbili baadaye Rossi alipoteza ubingwa kwa Nicky Hayden kwa pointi 252 dhidi ya 247. Zile pointi tano zingewafanya walingane, na Rossi angekuwa bingwa kwa wingi wa ushindi. Kwa wapenzi wa hesabu, hiyo ndiyo sehemu ndogo ya sekunde iliyogharimu zaidi katika historia ya pikipiki.

Na kwa upande wa mashindano ya magari barabarani (rally), ambayo kwa tabia yake hayana kukimbizana bega kwa bega, hakuna kinachokaribia mkasa wa Carlos Sainz nchini Uingereza mwaka 1998. Mpinzani wake, Tommi Mäkinen, alikuwa amekwisha kutoka mashindanoni siku ya kwanza baada ya kuteleza kwenye mafuta yaliyomwagika njiani na kulivunja gurudumu. Sainz alihitaji nafasi ya nne tu. Katika hatua ya mwisho, mita mia chache kabla ya kumaliza, injini ya Toyota yake ikafa na kuanza kutoa moshi, na msoma ramani wake, Luis Moya, akalivunja dirisha la nyuma la gari kwa helmeti. Mäkinen akawa bingwa bila kuwa njiani. Safari Rally ya mwaka 1973 nayo inastahili kutajwa hapa kwa sababu isiyo ya kawaida: baada ya maelfu ya kilomita, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu zinazolingana kabisa, 406 kila mmoja, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare iliyotazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Sitakaa sana kwenye mbio za vurugu, ingawa zina mashabiki wengi. Monaco 1982 iliwapa uongozi madereva kadhaa katika mizunguko mitatu ya mwisho, mmoja akigonga ukuta, mwingine akijizungusha, wengine wakiishiwa mafuta, na Riccardo Patrese, yule aliyejizungusha, akashinda bila kujua kwamba ameshinda. Montreal 2011, mbio za Kanada, ni bora kuliko hiyo. Ilidumu saa 4 na dakika 4 pamoja na kusimamishwa kwa zaidi ya saa mbili kwa sababu ya mvua, na Jenson Button aligongana na Hamilton, akaadhibiwa, akagongana na Fernando Alonso, akawa wa mwisho, kisha akapanda nafasi moja moja katika njia iliyokuwa ikikauka mpaka Sebastian Vettel, aliyekuwa ameongoza karibu muda wote, alipoteleza kidogo katika mzunguko wa mwisho na kumwachia nafasi. Tofauti yake na Monaco ni kwamba sababu ilionekana: Button alikuwa na kasi zaidi njia ilipokuwa nusu mbichi nusu kavu, kila mtu aliiona kasi hiyo ikimleta, na Vettel aliiona kwenye kioo chake.

Msomaji wetu alianza na msimu wa 2021, hivyo nadhani anangoja nitaje Abu Dhabi. Hamilton na Max Verstappen waliingia katika mbio za mwisho wakiwa na pointi sawa, 369.5 kila mmoja, na zikaamuliwa katika mzunguko wa mwisho baada ya gari la usalama, lile linaloyaongoza magari polepole kukiwa na hatari, kuondoka njiani. Kwa moyo kwenda mbio, hakuna aliyekosa. Lakini mkurugenzi wa mbio aliruhusu magari matano tu, yale yaliyokuwa kati ya wawili hao, yalipite gari la usalama na kujirudishia mzunguko yaliokuwa yamepitwa, na ripoti ya FIA, shirikisho la dunia la mchezo huo, baadaye ilikiri kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu. Kwa kipimo changu hilo linatosha kuziondoa katika orodha. Swali la nani atashinda halikujibiwa na matairi, ujuzi wala mafuta. Lilijibiwa na uamuzi uliotolewa ofisini, na mtazamaji hakuwa na njia yoyote ya kulifuatilia. Wapo watakaosema Verstappen alistahili ubingwa wa mwaka ule kwa jumla ya msimu, na huenda wanasema kweli, lakini huo ni mjadala mwingine.

Sasa nirudi Le Mans, tarehe 14 na 15 Juni 1969. Mbio zilianzishwa saa nane mchana badala ya saa kumi, kwa sababu Jumapili hiyo Wafaransa walikuwa wakipiga kura ya kumchagua rais. Utaratibu wa kuanza ulikuwa uleule wa miaka mingi: madereva walisimama upande mmoja wa njia, magari yakapangwa upande wa pili, na bendera iliposhushwa wote walikimbia, wakaruka ndani, wakawasha injini na kuondoka. Mikanda ya usalama ilikuwa imekwisha kuingia magarini, lakini kuifunga vizuri kulichukua muda ambao hakuna aliyetaka kuupoteza, kwa hiyo wengi waliondoka bila kuifunga, au walijaribu kuifunga kwenye njia nyoofu huku wakiendesha kwa kasi ya ajabu. Mwaka mmoja kabla, Willy Mairesse aliondoka bila mlango wake kufungwa sawasawa, mlango ukafunguka katika mzunguko wa kwanza, na ajali iliyofuata ikamaliza maisha yake ya udereva.

Jacky Ickx, Mbelgiji mwenye umri wa miaka 24, aliupinga utaratibu huo kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza. Bendera ilipoanguka, wenzake walitimua mbio, naye akatembea. Alivuka njia kwa hatua za kawaida, nusura agongwe na gari lililokuwa likiondoka, akaingia katika Ford GT40 yake, akafunga mikanda yote bila haraka, kisha akaondoka akiwa wa mwisho. Katika mzunguko huohuo wa kwanza, John Woolfe, aliyekuwa na Porsche 917 mpya, alipata ajali na kufa akiwa hajafunga mkanda. Ni vigumu kuliandika jambo hilo katika makala ya msisimko, lakini kuliacha kungekuwa ni kuficha nusu ya maana ya alichofanya Ickx.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeihesabu Ford ile. Lilikuwa gari la zamani, tena ndilo gari lenyewe lililoshinda mwaka 1968 mikononi mwa Pedro Rodríguez na Lucien Bianchi, na kwa kasi lilizidiwa mbali na Porsche 917. Mpango wa Ickx na mwenzake Jackie Oliver ulikuwa kuendesha kwa muda uliopangwa, kutoivunja injini, na kuyangoja mengine yaharibike. Yakaharibika. Porsche 917 ya Vic Elford na Richard Attwood iliongoza kwa mizunguko kadhaa mpaka zilipobaki kama saa tatu, ndipo klachi na gia zikagoma. Uongozi ukaangukia Ford, na nyuma yake kwa karibu kabisa kulikuwa na Porsche 908 ya Hans Herrmann na Gérard Larrousse, ambayo nayo ilikuwa imepoteza muda mwingi mapema kwa kubadilishwa beringi ya gurudumu la mbele.

Hapo ndipo mbio za uvumilivu zilipogeuka kuwa mbio za kukimbizana. Wawili hao, Ickx na Herrmann, walipitana mara nyingi katika saa ya mwisho, na mtazamaji aliyejua magari aliweza kusoma kila hatua. Porsche ilikuwa nyepesi, yenye injini ya lita tatu, lakini breki zake zilikuwa zimechakaa; taa ya tahadhari ilikuwa ikiwaka, na timu ikaamua kwamba kusimama kubadilisha pedi ni sawa na kukabidhi ushindi. Ford ilikuwa nzito, yenye injini ya karibu lita tano, ila breki zake bado zilishika. Kwa hiyo Herrmann alilazimika kupata nafasi mapema na kuilinda, naye Ickx aliweza kungoja mpaka dakika ya kukanyaga breki. Juu ya hayo kulikuwa na njia nyoofu ya Mulsanne, yenye urefu wa karibu kilomita sita, ambako hesabu ilikuwa ileile ya Monza: anayeongoza mwanzoni mwa njia hiyo huwa mawindo mwishoni mwake.

Ickx aliielewa hesabu hiyo vizuri kuliko mpinzani wake, ambaye alikuwa amemzidi umri kwa karibu miaka 17. Katika mzunguko wa mwisho alipunguza mwendo kidogo pale Mulsanne, kana kwamba mafuta yanamwishia, Herrmann akapita, na Ickx akajibanza nyuma yake akivutwa na ule upenyo wa hewa. Kabla ya kufika konani akachomoka ubavuni, akachelewesha breki, akapita, na safari hii akaulinda uongozi mpaka mwisho. Baada ya saa 24 na karibu kilomita 5,000, Ford iliishinda Porsche kwa takriban mita 120. Mtu aliyeondoka wa mwisho kwa kutembea alishinda kwa umbali ambao angeweza kuutembea kwa dakika moja na ushee, na mwaka uliofuata madereva walianza mbio wakiwa wamekaa ndani ya magari, mikanda ikiwa imefungwa. Herrmann alirudi mwaka huo wa 1970, akashinda pamoja na Attwood, akaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla pale Le Mans, kisha akastaafu.

Hapo nimepata kila ninachokitafuta: muda mrefu wa kutojua, sababu zinazoonekana, na kitu kizito cha kupoteza. Monza inanipa mawili ya kwanza, Interlagos inanipa la mwisho tu.

Kuhusu wazee na mbio za zamani, wana ukweli nusu. Magari ya zamani yaliharibika mara kwa mara, hivyo aliyeongoza hakuwa salama mpaka apite mstari, na timu hazikuwa na vipimo vya kuwaambia madereva kila sekunde nani yuko wapi. Kosa la Ferrari pale Nürburgring haliwezi kutokea leo. Lakini wazee husahau kwamba mbio nyingi za miaka hiyo zilimalizika kwa pengo la dakika nzima au zaidi, magari mawili tu yakiwa katika mzunguko mmoja, na kwamba sisi tumebakiwa na zile nzuri kwa kuwa mbaya hazikusimuliwa. Tena mashine haijaacha kusaliti. Mwaka 2016, palepale Le Mans, Toyota ya Kazuki Nakajima ilikuwa ikiongoza na ikapoteza nguvu zikiwa zimebaki dakika chache tu kati ya saa 24, ikasimama mbele ya jukwaa kuu huku Porsche ikipita na kuchukua ushindi. Toyota haikuhesabiwa hata kuwa ya pili, kwa kuwa mzunguko wake wa mwisho ulichukua muda mrefu kupita kanuni, na iliwabidi wangoje mpaka mwaka 2018 ndipo washinde.

Kama msomaji anataka kuanza kuzitazama, asianze na Le Mans, kwa sababu picha za mwaka 1969 ni za vipande na zinahitaji mtu aliyekwisha kuizoea lugha ya mbio hizo. Aanze na Montreal 2011, nzima, ila akipenda aruke ule muda wa kungoja mvua. Kisha aitazame Jarama 1981 kuanzia katikati, jicho lake likiwa kwenye Ferrari kila inapotoka konani, siyo inapoingia. Baada ya hapo Indianapolis 500 ya mwaka 1992 itamfaa, ambayo sikupata nafasi ya kuieleza juu: Michael Andretti alitawala karibu siku nzima akaharibikiwa na gari zikiwa zimebaki mizunguko 11, na Al Unser Jr. akamzuia Scott Goodyear, aliyeanza wa 33 na wa mwisho, kwa sekunde 0.043. Zile za Monza azihifadhi kwa siku atakayokuwa na mtu wa kubishana naye kuhusu nani alistahili kushinda.